Nilivyokwenda Belgut Kutafsiri Mkataba wa Mvua ya Mawe

Safari hii niliifanya kwa kiburi, na afadhali nikiri mwenyewe kabla watu wa kwetu Mwingi hawajasikia kwa wengine. Kwa miaka minne nimekuwa nikiandika tasnifu juu ya mkataba ambao Wamarekani na Wasovieti waliwekeana zamani, wa kuzuiana wasijenge ngao za kuangusha makombora. Watu huniuliza ngao ina ubaya gani. Ubaya wake ni kwamba ukishakuwa na ngao, jirani yako anaanza kuwaza kuwa sasa unaweza kumpiga bila kupigwa, na hapo hapati usingizi tena. Basi wakakubaliana wote wabaki vifua wazi. Baadaye ikazuka mitambo ya aina mpya, isiyokuwapo siku ya kutia sahihi, na wanasheria wakagawanyika: je, mkataba unaikataza hii pia, au unakataza ile tu iliyojulikana wakati ule? Juu ya swali hilo nimeandika kurasa nyingi kuliko Agano Jipya. Mama yangu huwaambia wenzake kanisani kwamba ninasomea mabomu.

Jumatano mchana akanipigia simu Chepkorir, tuliyekaa naye chumba kimoja chuoni.

"Mutheu, si wewe ndio mtu wa mikataba ya makombora?"

"Ndimi."

"Basi kuja nyumbani. Baba na mjomba wanataka kuuana juu ya roketi."

Nilimwomba arudie, akarudia. Kwao ni Belgut, mbele ya Sosiot, ambako mto mdogo unatenganisha vilima viwili vya chai. Baba yake, Mwalimu arap Rono, yuko upande wa juu. Mjomba wake, Mzee arap Bett, ndugu ya mama yake, yuko upande wa chini. Zamani watu wa juu walikuwa wakirusha roketi ndogo mawinguni ili kuvunja mvua ya mawe isiharibu chai. Watu wa chini wakasema roketi hazivunji kitu, zinaisukuma tu mvua iwaangukie wao. Ukazuka uhasama wa misimu miwili, watu wasivuke daraja, mpaka wazee wa pande zote wakaandikiana kwamba hakuna atakayerusha roketi tena. Wazee hao wote wamekwisha kufa. Sasa Mwalimu amejenga mtambo usiorusha roketi. Unarusha mlio.

"Mlio?"

"Mlio tu. Ndio anasema agrimenti haimhusu. Na Jumamosi ni koito yangu, wanakuja kuniposa, Mutheu. Mjomba amesema huo mtambo ukibaki, yeye hakanyagi kwetu. Na mama amesema bila ndugu yake hakuna binti wake anaposwa. Amemaanisha."

Alinitumia picha ya mkataba kwenye simu. Sitaficha, nilifurahi mpaka nikasimama. Miaka minne nimeulizwa mambo haya yatamsaidia nani, na hapa palikuwa na swali langu lenyewe, likiwa hai, kwenye mashamba ya chai. Kufikia jioni nilikuwa nimeandika maoni ya kisheria ya kurasa kumi na moja.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, niliondoka Nairobi kwa njia ya Narok. Sina la kusimulia juu ya sehemu hiyo kwa sababu nilikuwa nikisahihisha maoni yangu.

Saa saba mchana nilikuwa Bomet. Hapo nilimkuta Baba Wanjiru, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye Chepkorir alikuwa amemwomba anichukue kwa pikapu yake. Babu yake alitoka Murang'a, lakini yeye anateta kwa Kikipsigis kuliko wenyeji. Nyuma ya pikapu kulikuwa na mtungi mkubwa wa gesi na mabunda matano ya neti nyeusi.

"Mtungi ni wa Mwalimu," alinieleza tulipoipita Litein. "Bila gesi ile kitu yake hailii. Neti ni za Mzee Bett. Anataka kufunika chai yake, mvua ikisukumwa huko ipate imefunikwa."

"Kwa hiyo unawauzia wote wawili?"

"Sasa nimuuzie mmoja, huyo mwingine aseme mimi ni adui?"

Nilikuwa nimesoma vitabu vingi juu ya wafanyabiashara wa silaha na hakuna kilichoniandaa kwa mtu mpole namna ile. Alinisimamishia gari mara mbili ninunue mahindi ya kuchoma. Kuanzia hapo chai haikwisha tena. Inashuka mabonde na kupanda vilima, imekatwa sawasawa juu kama kichwa cha mvulana aliyetoka kwa kinyozi, na mtu wa Mwingi akiiona anapata wivu wa waziwazi. Kwetu mvua ikija na mawe tungeyaokota tukayatia mtungini tukamshukuru Mungu. Hapa wana mvua nyingi mpaka wanachagua ipi waipende.

Saa kumi jioni tulifika. Mwalimu arap Rono alikuwa langoni, mwembamba, amevaa koti na tai ingawa alistaafu kitambo.

"Karibu, wakili."

"Mimi si wakili, Mwalimu. Ni mwanafunzi wa—"

"Karibu, wakili."

Kabla ya maji ya kunawa alinipeleka kuuona mtambo. Ulikuwa faneli la bati lenye urefu wa watu wawili, mdomo umeelekea mbinguni, limechomelewa juu ya chumba cha chuma. Gesi inaingia chini, inawashwa, mlio unapanda. Mwalimu alifundisha hisabati na fizikia maisha yake yote, na sasa alikuwa ameupata ushahidi wake. Mwezi uliopita aliulipua mara moja, wingu likageuka, upande wa juu haukupata hata punje. Upande wa chini, chai ya Mzee Bett ilichanwachanwa.

"Labda wingu lilikuwa linaenda huko tu," nilisema.

"Labda," alijibu, bila kupenda. "Lakini hapa haikunyesha."

Ndiyo hasara ya ngao. Hakuna anayejua kama inafanya kazi, lakini jirani amekwisha kuikasirikia.

Sebuleni, kati ya picha za mahafali na kalenda ya kanisa, mkataba wenyewe ulikuwa umetundikwa ndani ya fremu ya kioo. Babake Mwalimu ndiye aliyeuwekea fremu, kwa heshima. Nakala ya upande wa chini ililiwa na mchwa, kwa hiyo hata Mzee Bett alikuwa akitumia picha ya fremu hiyo. Nilisimama mbele yake nikausoma kwa sauti, maandishi mazuri ya kalamu ya wino: kwamba upande wa juu na upande wa chini hawatarusha, hawataweka, wala hawatajaribu roketi za kufukuza mvua ya mawe; na chini yake alama za vidole.

Mama Chepkorir aliniita jikoni. Ni mwanamke mnene, mtaratibu, na alikuwa akipika mboga za isagek kwa maziwa. Alinipa kiti na mursik, maziwa yao ya mgando, ndani ya kikombe kikubwa.

"Hiyo karatasi," alianza, "umeisoma yote?"

"Yote, Mama. Ninayo hapa kwenye simu." Nikamwonyesha.

Aliitazama simu, akanitazama mimi, akarudi kwenye sufuria. "Sawa, mwanangu. Kunywa."

Nikanywa. Kisha nikamweleza tofauti ya maana finyu na maana pana kwa muda ambao mboga ilichukua kuiva. Hakunikatiza. Alipopakua tu ndipo alipozungumza, na wala hakuzungumzia mkataba.

"Wakati wa ule uhasama mama yangu alikufa huko ng'ambo ya mto," alisema. "Walinificha. Walisema sasa mimi ni mtu wa juu. Nilisikia wakiimba makaburini, nikauliza nani amekufa. Nilikuwa nimesimama hapo nje na jembe."

Ndipo nilipoelewa kwamba hili la koito halikuwa ukaidi wa mama, na nikaona haya kwa kurasa zangu kumi na moja, ingawa si haya ya kutosha kuzichana.

Ijumaa, saa nane mchana, kokwet ilikutana. Kokwet ni baraza la majirani, na kwa kuwa hili lilihusu pande mbili, walikaa kwenye banda la kununulia chai karibu na daraja, chini ya paa la mabati. Watu wa juu walikaa kushoto na wa chini kulia, na mizani ya chai katikati. Mwalimu alikuja na fremu ameikumbatia kifuani. Mama Chepkorir alikuja na birika za chai. Mzee arap Bett alikuwa ameshafika, kipande cha mtu mwenye mabega mapana na kofia ya manyoya, na alipomwona dada yake aliangalia chini.

Nilipewa nafasi. Nilisema kwamba kanuni ya kwanza ni nia njema. Ya pili, maneno yasomwe kwa maana yake ya kawaida. Ya tatu, yasomwe pamoja na maneno yanayoyazunguka na kwa kuangalia shabaha ya mkataba. Niliwaeleza habari za Wamarekani na Wasovieti. Walisikiliza kwa adabu kubwa.

"Hao Wamarekani," aliuliza Mzee Bett, "walikuwa na chai?"

"Hapana, Mzee. Walikuwa na makombora."

"Sasa walikuwa wanakinga nini?"

Nilisema walikuwa wakikinga miji yao. Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia kuwa jirani amejenga zizi na hana ng'ombe.

Mwalimu akasimama. "Mimi nasema hivi. Karatasi imesema roketi. Roketi ni kitu inatoka hapa inaenda pale. Ile yangu haitoki. Iko tu hapo. Inapiga kelele. Kama kelele ni roketi, basi hata kwaya ya kanisa ivunjwe."

Upande wa kushoto wakacheka. Mzee Bett hakucheka.

"Chai yangu ilikatwa," alisema polepole. "Iliyokatwa na roketi na iliyokatwa na kelele, unaweza kunionyesha tofauti?"

Hapo upande wa kulia wakaguna. Mimi nilifurahi kama mjinga, kwa sababu wazee wawili walikuwa wamemaliza kwa dakika mbili mjadala wangu wa miaka minne, kila mmoja akishika upande wake barabara, na hakuna aliyetumia tanbihi hata moja.

Saa tisa kasoro, ngurumo ilisikika kutoka upande wa Mau. Watu wote waligeuza shingo pamoja. Wingu lilikuwa jeusi chini na kijani kibichi kwa juu, na kila mtu wa pale alijua rangi ile ni ya nini. Lilikuwa linakuja juu ya kilima cha Mwalimu.

Mwalimu aliangalia saa yake. Kutoka bandani hadi kwenye mtambo ni mwendo wa dakika kumi, na kwa miguu yake pengine saba.

"Ukienda," alisema Mzee Bett bila kunyanyuka, "kesho mtafanya hiyo koito peke yenu. Na kesho kutwa. Na milele."

Mama Chepkorir aliiweka birika chini.

Mwalimu alinigeukia, uso umemvimba. "Wakili, sema. Hii karatasi inanizuia ama hainizuii?"

Watu wote wakanitazama. Siku niliyoingoja maisha yangu yote ilikuwa imefika, na nikafungua kinywa.

"Inategemea," nilisema.

Nadhani hata ngurumo ilingoja nieleze inategemea nini. Na hapo ndipo sauti ilipotoka nyuma, kwenye birika.

"Geuzeni karatasi."

Mwalimu alisema, "Mama Chepkorir, sasa si wakati—"

"Imeandikwa na nyuma. Mimi ndiye nilikuwa naandika. Wazee walikuwa hawajui kuandika, wakaita bibi arusi wa juu mwenye alisoma. Mbele ikajaa. Nikaandika nyuma."

Nilikuwa nimeitafsiri picha ya upande mmoja wa karatasi. Nilikuwa nimewahubiria watu wazima kwamba maneno yasomwe pamoja na yanayoyazunguka, na sikuwahi kufikiri kwamba karatasi ina mgongo.

Kioo hakikutaka kutoka. Misumari ya fremu ilikuwa imeota kutu. Mtu alileta kisu, mwingine akasema kigongwe tu kivunjike, na Mwalimu akakataa katakata kwa kuwa fremu ilikuwa ya baba yake, akakichukua kisu akaanza kung'oa msumari mmoja mmoja mwenyewe. Kulikuwa na misumari minane. Alipofika wa tano matone ya kwanza yalianguka, na alipofika wa saba yakaanza mawe.

Mtu ambaye hajakaa chini ya mabati katika mvua ile hajui kelele ni nini. Mtambo wa Mwalimu ungelia pale ndani tusingeusikia. Tulikaa tukitazamana, kushoto na kulia, na kule juu kilima cha Mwalimu kikigeuka kutoka kijani hadi kijivu. Mwalimu alikuwa ameshika karatasi mkononi, na hakuisoma. Alikuwa anatazama chai yake. Nilimhurumia sana. Mlimani pake hapakubaki jani zima, na mvua ilisimama kabla ya kuvuka mto, kana kwamba imeogopa daraja.

Kulipotulia, harufu ya majani mabichi yaliyopondwa ilitujia mpaka ikakera pua. Mwalimu alinipa karatasi. Nilianza kusoma, lakini Mama Chepkorir alikuwa akisema maneno yenyewe mbele yangu, bila kuangalia, na kwa kituo kile kile: kwamba upande utakaopigwa na mvua ya mawe, watu wake watavuka mto na kuchuma chai ya upande wa pili kwa zamu, mpaka yao itakapoota, na watakachochuma kitakuwa chao.

Ilinichukua kitambo kuelewa, na mimi ndiye msomi. Atakayeifukuza mvua kwa jirani atakuwa ameikaribisha shambani mwake mwenyewe, kwa sababu jirani atakuja na kikapu. Hakuhitajiwa tena mtu wa kuuliza roketi ni nini. Wangeweza kurusha roketi, kelele au kwaya, na wasingepata faida hata ya jani moja.

Mwalimu alikuwa amekwisha kupiga hesabu ya jambo lingine. "Basi mwezi uliopita," alisema kwa sauti ndogo, "Bett alipopigwa, nilikuwa nimfungulie shamba."

Mzee Bett alivaa kofia yake, akatoka, akavuka daraja na watu wake.

Tulipokuwa tukipanda kilima juu ya barafu iliyokuwa ikikwaruza chini ya viatu, nilimwuliza Mama Chepkorir kwa nini hakusema tangu mwanzo.

"Nani aliniuliza? Mwalimu aliuliza karatasi. Bett aliuliza karatasi. Na wewe nilipoanza, ulinionyesha simu."

Jumamosi, saa nne asubuhi, wageni wa koito walikuwa wamekaa, wazee wa kina bwana harusi upande mmoja na wetu upande wa pili. Mmoja wao aliuliza faneli lile nje ni la nini. Mwalimu alisema ni la kuvuna maji. Kiti cha mjomba kilikuwa kitupu, na Mama Chepkorir alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni, akiwa tayari kuwarudisha watu wote makwao pamoja na soda zao. Chepkorir alinifinya mkono mpaka ukafa ganzi.

Ndipo Mzee arap Bett alipotokea langoni. Alikuwa amevaa suti, na nyuma yake walikuja watu sita, kila mmoja na vikapu viwili vya kuchumia chai mgongoni, vitupu.

Alimsalimu Mwalimu. "Chamgei."

"Chamgei mising."

"Nimesikia ulinyeshewa."

"Kidogo," alisema Mwalimu.

"Hivi vikapu ni vyenu. Sisi vyetu vinatosha. Jumatatu mje. Chai yangu ndiyo kwanza imerudi, haijashikwa na mtu." Kisha akaongeza, kama anayesoma hukumu asiyoipenda: "Karatasi imesema."

Mwalimu alimshika mkono kwa mikono miwili, akauachia, akaushika tena. Mama Chepkorir alilia pale pale mlangoni, mbele ya wakwe, bila kujifunika uso, na hakuna aliyemkanya. Koito ikaendelea mpaka jioni, na mimi nilikula kuliko inavyompasa mshauri wa kisheria.

Jumatatu, saa moja asubuhi, nilishuka na mzigo wangu pamoja na wachumaji. Baba Wanjiru alikuwa anikute ng'ambo. Alikuja kuchukua neti zake, maana Mzee Bett alikuwa amezirudisha. Watu wa juu walivuka daraja mmoja mmoja, wamenyamaza, kama watu wanaoingia kanisani wamechelewa. Mwalimu alikuwa na kikapu mgongoni na tai shingoni.

Mzee Bett aliwagawia mistari. Mama Chepkorir hakungoja kugawiwa. Alipita katikati ya miche mpaka kwenye kona ya juu, palipo na msalaba wa saruji na chai imeota mpaka pembeni mwake. Akasimama hapo, akaanza kuchuma, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi.

"Dada, hapo hapachumwi," ndugu yake alimwita. "Hapo ni pa Mama."

"Najua," alisema bila kugeuka. "Hapa ndipo nilikuwa nisimame."

Mzee Bett alivua kofia. Baada ya muda akaenda akasimama mstari wa pili yake, naye akaanza kuchuma.

Nilirudi Nairobi jioni ile, na tangu hapo nimeandika upya sura ya tatu. Nilichojifunza ni kwamba nimekuwa nikiuliza maneno yana maana gani, bila kuuliza ni nani aliyaandika na alikuwa ameyakosa maziko ya nani. Msimamizi wangu ameipenda hoja hiyo, ila ametia mduara mwekundu kwenye tanbihi, mahali nilipotaja chanzo changu: mama mmoja, jikoni kwake, Belgut. Anasema hicho si chanzo kinachokubalika kitaaluma. Nimemwandikia kwamba ninamheshimu sana, na kwamba tanbihi haitolewi.